Maiki nyembamba za kondensa: kuzinunua kwa bei ndogo na kuzitumia kwenye kwaya na ngoma

Msimu wa mashindano ya kwaya ukikaribia, simu yangu haipumziki. Wa kwanza anauliza, "Fundi, nimeona maiki mbili ndogo kwenye boksi moja, bei nzuri, zitafaa?" Wa pili amekwishanunua: amechomeka, kimya. Wa tatu anapata sauti, ila akipandisha kidogo tu spika zinapiga mluzi hadi watoto wanaziba masikio. Nimeyajibu haya kwa watu wa Kongwa, Bahi, Mpwapwa na hapahapa Dodoma mjini, mara nyingine nikiwa juu ya ngazi nafunga spika. Sasa nayaandika yote mahali pamoja. Ukinipigia kuuliza nitakutumia hii kwanza.

Maiki ninazozisema ni zile nyembamba, ndefu kama kalamu nene ya kuandikia ubaoni, zinazouzwa mbilimbili. Behringer C-2 na Samson C02 ndizo wengi wanazozijua, halafu kuna kundi kubwa lisilo na jina la maana. Jozi nzima mara nyingi haizidi bei ya Shure SM58 moja halisi, ndiyo maana mhazini wa kwaya huzipenda hata kabla ya kuzisikia.

Nikupe msimamo wangu mapema: kwa kwaya, marimba, zeze na gitaa kavu, hizi maiki ni nzuri kuliko watu wanavyozisema. Kwa mhubiri anayetembea, MC wa harusi au mwimbaji anayeweka maiki mdomoni, achana nazo, nunua dainamiki, yaani ile maiki ya kawaida ya kushika mkononi. Na lawama nyingi zinazotupiwa maiki hizi ni za spika zilizowekwa pabaya.

Nadharia ni hii tu. Dainamiki haihitaji umeme. Kondensa inahitaji volti 48, na umeme huo unatoka kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, kupitia waya uleule wa maiki. Mafundi tunauita fantomu. Bila fantomu, maiki ni kipande cha chuma.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mikisa yenye fantomu ya volti 48. Siyo amplifaya ya matundu ya maiki ya karaoke.
- Nyaya za XLR pande zote mbili, pini tatu kwa tatu. Waya wenye XLR upande mmoja na jeki kubwa upande wa pili haupitishi fantomu.
- Stendi mbili ndefu zenye mkono, zinazofika angalau mita mbili na nusu. Stendi fupi ndiyo ubahili unaoharibu kazi yote.
- Sponji za maiki, na kitambaa cha manyoya kama mtaimba nje.
- Maltimita ya kawaida, ile ya fundi umeme.
- Hedifoni zinazoziba masikio.
- Mifuko ya mchanga au kokoto ya kukandamiza miguu ya stendi. Mfuko wa kilo mbili wa unga ukijazwa kokoto unatosha.

Hatua ya 1: Pima mikisa kabla ya kununua maiki

Tafuta kitufe kilichoandikwa 48V. Kwenye mikisa ndogo nyingi za analogi kitufe ni kimoja na kinawasha chaneli zote za XLR kwa mpigo. Kwenye za kidijitali kama Behringer X32 au XR18 unawasha chaneli mojamoja, na hiyo ni raha kubwa.

Usiyaamini maandishi. Nimekutana na mikisa za bei poa zimeandikwa 48V usoni, ndani zinatoa volti 15. Maiki nyingine itafanya kazi kwa shida, nyingine itakoroma. Kwa hiyo pima. Washa fantomu, weka maltimita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye tundu namba 1 la XLR, nyekundu kwenye tundu namba 2. Soma. Hamishia nyekundu namba 3. Soma tena. Zote mbili ziwe kati ya 44 na 52. Kama namba 2 inasoma 48 na namba 3 inasoma kidogo au sifuri, chaneli hiyo ni mbovu, iwekee alama ya tepu. Mkono ukiteleza ncha zikagusana, usiogope, ndani mna rezista zinazobana umeme.

Onyo: kabla hujabonyeza 48V, chomoa kitu chochote kisicho maiki kwenye matundu ya XLR. Hasa ule waya wa kuunga kompyuta mpakato, uliochomelewa na kijana wa mtaani, XLR huku na kijeki kidogo kule. Fantomu inaingia moja kwa moja kwenye tundu la hedifoni la kompyuta. Nimeshalipa gharama ya kompyuta ya mtu kwa kosa hilo, na mwenyewe hadi leo hanisalimii vizuri. Risiva ya maiki isiyo na waya nayo, ipeleke kwa jeki kwenye tundu lililoandikwa LINE. Dainamiki za kawaida zenye waya mzuri wa XLR haziumii, ziache.

Kama mikisa yako haina fantomu kabisa na huna mpango wa kubadilisha, kuna vijisanduku vya 48V vinavyokaa kati ya maiki na mikisa. Vinafanya kazi. Angalia tu kimoja kina njia ngapi.

Hatua ya 2: Dukani

Kama unanunua Kariakoo, siku hizi na treni ya SGR unaweza kwenda asubuhi ukarudi Dodoma usiku. Unaponunua popote, beba waya wako, hedifoni zako, na mikisa yako ndogo kama inabebeka. Muuzaji anayekataa usijaribu bidhaa amekujibu.

Kwanza, mitego miwili. Mtego wa kwanza ni ile maiki nene, yenye wavu mkubwa na waya unaoishia kijeki kidogo cha kompyuta. Nyingi zinaandikwa BM-800, na zinatengenezwa na viwanda vingi tofauti. Hiyo ni ya kurekodia chumbani, jukwaani itakusumbua. Mtego wa pili ni mjanja zaidi: maiki nyembamba kweli, yenye ncha nyembamba kuliko mwili, mfano Behringer ECM8000. Hii ni ya kupimia mitambo. Inasikia pande zote sawasawa, kwa hiyo inasikia na spika zako. Kwenye mwili wa maiki tafuta alama inayofanana na moyo. Ikiwa ni duara, rudisha.

Sasa jaribu, kwa dakika kumi hivi.

Chomeka maiki moja, vaa hedifoni, sema "tsa, tsa, tsa" ukiizungusha taratibu mbele ya mdomo. Mbele iwe juu, pembeni ipungue, nyuma izame kabisa. Ikiwa nyuma unajisikia kama mbele, moyo uliochorwa ni wa uongo.

Shika waya pale unapoingia kwenye maiki, utikise. Ukisikia kuchakacha, omba nyingine. Tikisa na maiki yenyewe karibu na sikio bila kuiwasha. Kitu kikigonga ndani, kimelegea.

Kisha chomeka zote mbili, geini (kile kitufe cha kukuza sauti inayoingia kwenye chaneli) iwe sawa, ziweke ubavu kwa ubavu, na mtu atikise funguo umbali wa nusu mita. Sikiliza moja, sikiliza nyingine. Tofauti ndogo utaivumilia. Lakini moja ikiwa kali kama bati na nyingine imefunikwa kama imevishwa blanketi, hiyo siyo jozi, ni ndugu wa baba tofauti. Namba zinazofuatana kwenye boksi hazithibitishi kitu. Masikio ndiyo risiti.

Mwisho, nyamaza, pandisha geini, usikilize ule mvumo wa "shhh". Maiki za bei ndogo zote zinao. Kwa kurekodi ungekuwa tatizo, lakini kwenye ibada yenye watu mia tatu na feni za dari hakuna atakayeusikia. Usikatae maiki kwa sababu ya mvumo mdogo. Ikatae ikiwa inapasuka, "pa… pa…".

Ikiwa zina kiswichi pembeni cha -10 dB (cha kupunguza sauti kwa desibeli 10, kipimo cha nguvu ya sauti) na cha kukata besi, kama C-2 ilivyo, ongeza alama. Vitu hivyo viwili utavitumia sana.

Hatua ya 3: Panga spika kwanza, maiki baadaye

Hapa ndipo watu wanapokosea, na hakuna ikwalaiza, yaani vitufe vya besi, midi na trebo, itakayowaokoa.

Spika kubwa zikae mbele ya kwaya, zikitazama waumini. Chora kwa akili mstari unaounganisha spika mbili: maiki zote zikae nyuma ya mstari huo, mita tatu au zaidi. Makanisa mengi ya kwetu yana spika zilizotundikwa ukutani nyuma ya kwaya, zinatazama mbele, yaani zinaimbia moja kwa moja kwenye maiki. Zihamishe. Mzee wa kanisa akisema hapo ndipo zilipokaa tangu jengo lizinduliwe, mwambie kwa heshima kwamba basi na maiki ya kwaya haitakaa. Ukishindwa kuhamisha, zima zile za nyuma wakati kwaya inaimba.

Monita ya kwaya, yaani spika inayowarudishia waimbaji sauti: humo peleka kinanda na mwimbaji kiongozi tu. Usirudishe sauti ya kwaya kwenye monita ya kwaya. Wataomba. Watasisitiza. Kataa.

Hatua ya 4: Simamisha maiki

Lile jipande linalokuja kwenye boksi, la kufunga maiki mbili kwenye stendi moja, liache nyumbani. Ni la kurekodia. Kwa kwaya maiki zinatawanyika.

Hesabu: maiki moja inatosha watu 15 hadi 20. Kwaya ya watu 35, maiki mbili. Kwaya ya watu 12, moja, na ile ya pili iache kwenye boksi hata kama mwalimu anataka ionekane. Kila ukifungua maiki maradufu unapoteza desibeli 3 za nafasi kabla ya mluzi. Maiki nyingi haziongezi sauti, zinaongeza matatizo.

Mahali: simama mbele ya mstari wa kwanza, rudi hatua moja, yaani sentimita 60 hadi mita moja. Maiki iwe juu ya vichwa vya mstari wa mbele kwa kiasi kama hicho, na uso wake utazame midomo ya mstari wa nyuma. Ndiyo, wa nyuma. Wa mbele wako karibu, watasikika tu. Ukiilenga kwa wa mbele utapata soprano wawili na manung'uniko.

Kati ya maiki na maiki tumia kanuni ya tatu kwa moja: ikiwa maiki iko mita moja kutoka kwa waimbaji, ya pili iwe mita tatu kutoka ya kwanza. Zikikaribiana, sauti moja inaingia mara mbili kwa kuchelewa kidogo, na kwaya inasikika kama inaimba ndani ya bomba la maji.

Nikupe mfano. Mwaka jana nilikwenda kwenye kwaya moja upande wa Kongwa, watu 32, mistari mitatu. Walikuwa wamefunga maiki zao kwenye stendi za kifuani, kila moja ikitazama tumbo la mtu. Mwalimu wao, mama wa makamo, akaniambia, "Fundi, hizi maiki ni za bandia." Nikamwomba stendi ndefu. Hazikuwepo. Tukachukua mianzi miwili ya kupambia, tukafunga maiki kwa tepu na vipande vya sponji ya godoro ili mtikisiko usipande, tukaiegemeza kwenye benchi na kuikandamiza kwa matofali. Mita mbili na nusu juu, zikiinama kuelekea besi na teno huko nyuma. Sikugusa mikisa kabisa. Wakaimba beti moja, na mama akageuka kuangalia nyuma kama ameingia mtu. "Kumbe wanaume wapo!"

Waimbaji nao wasaidie. Wenye sauti kubwa wasikae chini ya maiki. Mistari isimame kwa kubanana. Na mwambie kiongozi wa wimbo atumie dainamiki yake, asijitokeze mbele kuitafuta kondensa.

Kwa vikundi vya kaswida mpango ni huohuo, ila dufu zishikwe chini, usawa wa kiuno, na nje ya mstari wa maiki. Kondensa haina adabu: dufu likipigwa mbele yake, mashairi hayatasikika.

Hatua ya 5: Washa kwa mpangilio

1. Feda zote (vile vitufe vya kuteleza vya kila chaneli) chini, geini chini, masta (feda ya sauti yote) chini.
2. Chomeka nyaya zote za maiki.
3. Bonyeza 48V.
4. Hesabu hadi kumi na tano.
5. Ndipo upandishe.

Kuzima ni kinyume chake: shusha, zima 48V, subiri nusu dakika, chomoa.

Usichomeke wala kuchomoa kondensa huku fantomu imewaka na feda iko juu. Niliwahi kuruka hatua hii kwenye harusi, ukumbi mmoja pale Area C, kwa sababu MC alikuwa ananiharakisha. Mlio ulikuwa mmoja tu, "PÁ!", na twita mbili, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zikaenda. Zilikuwa zangu.

Hatua ya 6: Geini

Waambie waimbe ile sehemu kubwa kuliko zote, siyo "haloo, moja mbili". Pandisha geini hadi taa za kijani zicheze na ya njano iguse mara chache. Nyekundu isionekane. Kwenye mikisa ya kidijitali lenga -18 dB, vilele vifike -12 dB hivi.

Kisha bonyeza kitufe cha kukata besi, kile cha 80 au 100 Hz, kwenye chaneli zote za maiki hizi. Hakuna mwimbaji wa besi Dodoma nzima utakayemwonea. Unachokata ni mtikisiko wa miguu kwenye jukwaa la mbao, upepo na ngurumo za jenereta.

Ikwalaiza nyingine iache katikati kwanza. Maiki hizi nyingi zina ukali kidogo juu. Zikichoma masikio, punguza trebo kidogo, yaani upana wa ukucha. Usiongeze trebo "ili maneno yasikike". Maneno yanasikika kwa kusogeza maiki.

Hatua ya 7: Utafute mluzi kabla haujakutafuta

Fanya hivi kabla watu hawajaingia. Pandisha feda ya maiki ya kwanza polepole hadi uanze kusikia ule mlio wa "uuuu" unaotaka kuzaliwa. Simama. Sikiliza ni mlio gani. Ukilia "uuu" mnene, uko kwenye 250 hadi 500 Hz, shusha midi (sauti za katikati) ya chini kidogo. Ukilia "iii" mwembamba, uko kwenye 2 hadi 4 kHz, shusha midi ya juu. Pandisha tena, utalia mahali pengine, kata tena. Ukikata mara ya tatu umefika, acha. Anayekata mara nane amebaki na kwaya ya redio ya mbao.

Sasa shusha feda desibeli 6 chini ya pale inapoanza kulia. Hapo ndipo mwisho wako wa leo. Weka tepu kwenye mikisa uandike mstari. Mchungaji akikuonyesha ishara ya kupandisha, mwonyeshe tepu.

Ikiwa mwisho huo hautoshi kusikika, dawa ni kusogeza maiki karibu na waimbaji. Ukipunguza umbali kwa nusu unapata karibu desibeli 6 bure. Hakuna kitufe kinachotoa hizo.

Hatua ya 8: Nje, upepo na vumbi

Aliyekaa Dodoma anajua upepo wa Julai na Agosti. Kondensa inausikia kama mtu anayepiga meza. Sponji peke yake inasaidia kidogo tu. Ivishe sponji, juu yake kitambaa cha manyoya marefu, manyoya yakiwa nje, funga kwa rababendi chini bila kuziba vijitundu vya pembeni mwa maiki. Vijitundu hivyo ndivyo vinavyofanya nyuma isisikie. Ukiviziba kwa tepu au kwa kiganja, moyo unakuwa duara na mluzi unaanza.

Kiswichi cha kukata besi kwenye maiki, washa. Cha mikisa pia, washa. Kwenye uwanja wa wazi wenye upepo mkali, kwa kweli, naacha kondensa na kugawa dainamiki nne kwa waimbaji, kila watu wanne au watano moja. Sauti haina uzuri uleule, lakini inafika.

Vumbi jekundu ndilo linaloua maiki hizi kwetu. Ngozi ya ndani ni nyembamba mno. Wimbo ukiisha, visha maiki mfuko wa plastiki palepale kwenye stendi hadi mtakapoimba tena. Nyumbani zikae kwenye boksi lake pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Usiziache kwenye dashibodi ya gari mchana, wala usizipulize kwa mdomo kuondoa vumbi. Mate ni mabaya kuliko vumbi.

Ala za kwetu

Marimba ya Kigogo, ilimba, ndiyo kazi ambayo ukiifanya kwa kondensa hutarudi kwenye dainamiki. Ule mtetemo wa utando wa buibui uliobandikwa kwenye tundu la kisanduku, dainamiki inaumeza. Kondensa inauleta mzima. Maiki ikae sentimita 20 hivi, ikitazama kati ya vyuma na tundu, siyo tundu lenyewe. Marimba makubwa yenye vyuma vingi, ya namna aliyoyazungusha duniani marehemu Hukwe Zawose, yanaweza kupewa zote mbili, na hapo ndipo lile jipande la boksi linapofaa.

Zeze: sentimita 25, ikitazama kibuyu, kidogo pembeni ili usipate mkwaruzo mwingi wa upinde. Mpigaji akiimba huku anapiga, inua maiki uilenge kati ya mdomo na kibuyu. Inatosha, usiongeze ya pili.

Muheme: kina mama wakibana ngoma zile katikati ya magoti na kuanza kweli, hawahitaji maiki. Ukitaka ziingie kwenye spika, moja tu, mita moja mbele na juu kidogo, na -10 dB iwake. Bila hiyo utasikia mpasuko ambao hata geini ya chini haiuondoi, kwa sababu unatokea ndani ya maiki. Kayamba na njuga usizipe chochote. Zitaingia zenyewe mpaka uchoke.

Gitaa kavu: lenga pale shingo inapokutana na mwili, sentimita 20 hadi 30. Tundu la gitaa linatoa mvumo mtupu.

Ikikataa

Kimya kabisa. Fantomu imewaka? Waya ni XLR pande zote? Badilisha waya kwanza, kisha chaneli, kisha maiki, kimoja kimoja. Mara nyingi mwizi ni waya: pini 2 au 3 imekatika, dainamiki inapita kwa sauti hafifu, kondensa inakufa kabisa.

Inaunguruma "mmm". Waya wa maiki umelala sambamba na waya wa umeme, au pini namba 1 imeachia. Vuka nyaya za umeme kwa pembe mraba. Ikiendelea, chomeka mikisa na spika za jukwaani kwenye soketi za njia moja ya umeme. Usikate waya wa ethi (ule wa ardhini), hata kama mtu amekuambia ngurumo itaisha. Itaisha, na siku moja mtu ataisha nayo.

Inapasuka-pasuka baada ya mwezi. Unyevu au vumbi. Iweke siku mbili kwenye boksi lenye vipakiti vya kunyonya unyevu. Nyingine zinafufuka. Isipofufuka, fungua kichwa kwa kuzungusha, angalia kama viunganishi vina vumbi, pangusa kwa kitambaa kikavu bila kugusa ile ngozi inayong'aa. Ukiigusa, umeinunua upya.

Ilikuwa sawa mazoezini, mluzi ibadani. Kuna mtu amesogeza stendi. Karibu kila mara. Weka tepu sakafuni pale miguu ya stendi inapokaa. Kama hakuna aliyesogeza, angalia kama kwaya leo ni nusu: wachache wanaimba, nawe umepandisha kufidia.

Umeme ukirudi baada ya kukatika, kondensa ziko kimya. Baadhi ya mikisa za kidijitali, zikizimika ghafla, huwaka upya fantomu ikiwa imezimwa. Tazama 48V kwanza kabla hujashika geini. Na kabla ya kubonyeza, feda chini.

"Hatujisikii." Hili siyo tatizo la maiki, ila ndilo utakaloulizwa kuliko yote. Usiwape monita. Waambie wasimame nusu duara badala ya mstari mnyoofu, wasikilizane wenyewe kwa wenyewe. Kama bado wananung'unika, shusha kinanda.